Sifuri Kwenye Friji ya Zahanati

Ofisini walimwita Bubu. Hakuwa bubu, alikuwa mtu wa kuandika zaidi ya kusema, na utani ukishamganda mtu haubanduki. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, na aliyojivunia kimoyomoyo ni ile iliyolinda friji ya dawa ya zahanati ya mtaani kwao, humohumo mama yake alimochukua insulini ya kisukari.

Kipimajoto ndani ya friji kilituma vipimo kwa muundo wa data uitwao JSON, na kila kipimo kilifika kama maandishi, kimebanwa na alama za kunukuu: "5", "6". Kwa macho ya mtu hizo ni namba. Kwa kompyuta ni herufi tu. Programu ya Bubu iliyageuza maandishi yale kuwa namba. Namba ikizidi nyuzi joto nane, ujumbe uliruka kwenye simu ya mlinzi ili awashe jenereta.

Siku ya kuionyesha kwa wakubwa, kipimo kimoja kilifika kitupu: alama mbili, katikati hakuna kitu. Programu ikagoma, skrini ikajaa makosa.

"Bubu, unatuaibisha," bosi alimnong'oneza. "Kikija kitupu, weka sifuri. Twende."

Alitaka kusema kwamba kutojua si sifuri. Badala yake akaandika sifuri, wakubwa wakapiga makofi.

Haukupita muda mrefu, sukari ya mama ikaanza kupanda.

"Mama, sema ukweli," kaka mtu alimwambia mezani. "Unalamba sukari kwa siri kama mtoto?"

"Sijagusa, mwanangu. Sindano nachoma, chai nakunywa bila sukari. Unataka nile kiapo?"

"Viapo tumeshavisikia. Kipimo hakidanganyi."

Kaka akatia kufuli kwenye kabati la jikoni, ufunguo akamkabidhi Bubu. Mama yao, aliyewasomesha kwa cherehani, akawa anaomba ruhusa kuchukua chumvi. Bubu alimfungulia, akasimama pale pale kumchunga. Kisha kiatu kikamchubua mama kidole cha mguu, na mchubuko ukakataa kupona.

Asubuhi moja Bubu alimpeleka mama zahanati kusafishwa kidonda. Mlinzi akamsalimia Bubu kwa bashasha.

"Binti, mitambo yenu imenipa likizo! Zamani umeme ukikatika usiku, muuguzi hakosi kunipigia niwashe jenereta. Siku hizi unakatika mpaka alfajiri, ujumbe hauji, nami jenereta naitazama tu."

Bubu hakucheka. Alimwacha mama kwenye benchi, akaenda ofisini karibu anakimbia.

Kwenye skrini, usiku baada ya usiku ulionyesha sifuri. Baridi safi. Alikuwa ameziona sifuri zile mara nyingi, akaridhika nazo. Safari hii akafungua data yenyewe kama ilivyofika, kabla ya kugeuzwa: alama mbili, utupu, alama mbili, utupu. Umeme ulipokatika, kipimajoto kilizimika pamoja na friji, na kifaa cha kutuma, chenye betri yake, kikaendelea kutuma utupu. Programu yake ikaugeuza kuwa baridi. Asubuhi umeme ukirudi friji ilipoa, na chupa za insulini zikakaa pale zinang'aa kama mpya, nguvu zimeshaisha.

Alimpigia muuguzi azitoe zote. Kisha akafuta amri ile ya sifuri, akaandika nyingine: kipimo kikiwa kitupu, usikigeuze, piga kelele. Ilimchukua muda wa kunywa maji.

Mguu wa mama haukungoja. Madaktari wa hospitali kubwa waliukata chini ya goti.

Mama alipopata nguvu ya kukaa, Bubu alimweleza yote, macho sakafuni.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo?"

"Hukuwa, mama."

"Na ufunguo ulikuwa nao wewe."

"Nilikuwa nao."

Wodini mtu alikohoa, akakohoa tena.

"Kaka yako yuko nje. Mwite. Umwambie hapa, mbele yangu, kwa sauti. Si kwa kuandika."

Bubu akaenda mlangoni, akamwita. Aliporudi, mama alikuwa amevuta shuka, anainyoosha taratibu juu ya kitanda, pale ilipolala bapa.

"Haya," mama alisema. "Anza."