Ameapa nikibadilisha mfumo wa kompyuta nimeachika

Assalaam alaykum admin, na nyinyi wenzangu mnaosoma. Jina langu lifiche, mtaa nitautaja mwenyewe, maana Jang'ombe tuko wengi na kila nyumba ina yake. Nina miaka thelathini na mbili, watoto wawili, na ndoa ya miaka saba. Kazi yangu naifanyia nyumbani. Kuna hoteli moja ya Kiwengwa, mimi ndiye ninayejibu barua za wageni na kuwapangia vyumba. Kompyuta ninayoitumia ndiyo mahari yangu. Wenzangu walitaka dhahabu na kitanda, mimi nikasema nataka kompyuta, na shangazi zangu wakanicheka mpaka siku ya harusi.

Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, alikuwa mtu wa Tumbatu. Mwaka wake wa mwisho aliumwa, tukamleta kwetu. Kila baada ya laasiri mume wangu alikaa naye na kompyuta ile, akamrekodi: visa vya kwao, nyimbo za kubembelezea watoto, dua alizokuwa akituombea. Bi mkubwa akafariki, Mungu amrehemu. Miezi michache baadaye kompyuta ikawa nzito, kazi haziendi, nikaipeleka kwa fundi Darajani aiwekee mfumo mpya. Fundi akaniuliza, "Bi, kila kilichomo kitafutika. Vitu vyako ushavihifadhi?" Nikamjibu, "Nshahifadhi."

Mume wangu aligundua jioni ile ile. Alikaa chini sakafuni akalia kama siku ya maziko, kisha akaniacha. Ile ilikuwa talaka ya pili. Ya kwanza alinipa mwaka wetu wa mwanzo, kwa jambo la kipuuzi hata naona haya kuliandika. Mara zote mbili alinirejea kabla eda haijaisha. Miaka minne imepita tangu hiyo ya pili na sauti ya mama yake haitaji, ila mtu mmoja alimwambia kwamba kilichofutwa huenda kimo bado mle ndani, madhali hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Mume wangu ameyashika maneno hayo. Mimi ninayeandika barua za wageni juu yake kila siku nilinyamaza.

Sasa mfumo ule nao umezeeka. Hoteli wametuambia kuanzia mwezi ujao programu yao haitafunguka kwenye mfumo wa zamani, na asiyebadilisha watatafuta mwengine. Nikamsubiri mume wangu anywe chai yake, nikamwomba kwa adabu. Akasema, "Nshakwambia usiiguse." Nikamwambia, "Mume wangu, hii ndiyo kazi yangu. Na kompyuta ni yangu, ni mahari yangu." Hapo nilikosea. Alisimama akasema, "Basi sikiliza. Siku utakayobadilisha mfumo wa kompyuta hii, umeachika. Na unajua hii ni ya tatu." Nyote mnajua ya tatu haina marejeo mpaka niolewe na mwengine. Watoto walikuwa pale pale wanakula mkate.

Kaka yangu alitupeleka kwa shehe. Shehe alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, ulipotamka yale maneno ulikusudia kumzuia tu, au ulikusudia kumuacha? Maana ukikusudia kumzuia, wapo wanaosema ni kiapo, kina kafara yake. Nia yako unaijua wewe." Nilimtazama mume wangu. Nilidhani atajibu kabla shehe hajamaliza. Yeye akasema, "Nipeni nafasi nifikiri." Leo ni siku ya kumi na nane. Mume wangu anafikiri kama alikusudia kuniacha au hakukusudia. Ananiletea samaki, anawapeleka watoto skuli, anasali, na anafikiri. Wallahi roho inaniuma kuliko siku zote mbili alizoniacha kweli.

Najua mtasema ninunue nyingine. Mpya siiwezi. Na hata kaka angeninunulia kesho, ningebaki na mume anayefikiri.

Lakini sikuja kumshitaki. Kuna jambo sijamwambia mtu, na ndilo lililonifanya nikaomba kufichwa. Siku ile kwa fundi, folda la bi mkubwa nililiona. Liliandikwa "Mama", kwa herufi kubwa. Fundi alilinyooshea kidole akaniuliza, "Na hili?" Flashi yangu ilikuwa imejaa picha za harusi yangu. Duka la flashi lilikuwa upande wa pili wa njia, hatua kumi hazifiki. Lakini mavyaa alinisema sana mwaka ule. Chakula changu hakina ladha, watoto wangu hawana adabu, mimi kazi yangu kubonyezabonyeza tu. Marehemu hasemwi, nisameheni, lakini kifuani nilikuwa nimejaa. Nikamwambia fundi, "Hilo liache."

Nilipoulizwa nyumbani niliapa kwamba sikuliona. Mume wangu aliniamini, na kwa kiapo kile ndipo akanirejea.

Kila asubuhi nikiiwasha, kompyuta inaniuliza nibadilishe sasa au baadaye. Nabonyeza baadaye. Siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi ni sita. Nikibonyeza sasa, huenda ndoa imekwisha. Nikiacha, kazi imekwenda, na nitaendelea kulala na mtu anayeingoja sauti niliyoikataa kwa mdomo wangu. Nataka kumwambia ukweli, nimeshaanza mara mbili na nikageuza maneno, kwa sababu nahisi siku nitakayomwambia hatahitaji tena kufikiri.

Wenzangu, matusi nimeshajitukana ya kutosha, msiniongezee. Niambieni tu nianze na lipi.