Marehemu Aliyejibu Swali Nansio

Naikumbuka siku niliyofufuka mbele ya watu, mwanangu, sokoni Nansio. Cheka tu, lakini nisikilize.

Miaka ile ya tisini viwanda vya minofu vilifunguliwa Mwanza, samaki akapanda bei, na wavuvi wengine wakaanza kumwaga ziwani dawa ya pamba, ile sumu ya kuua wadudu, ili wavue haraka. Walaji wakawa wanakufa. Kikundi chetu cha maigizo cha Ilemela kikapanda meli kwenda kisiwani Ukerewe, mjini Nansio, kuwaomba waache. Kiongozi mimi, mhusika mkuu mimi, na watazamaji wakiuliza, hajibu mtu ila mimi. Mtaka yote hukosa yote, lakini nani angethubutu kuniambia?

Basi, nikaigiza mama aliyekula samaki wa sumu. Nikafa, nikafunikwa kanga. Mvuvi mmoja akasimama: "Tukiacha dawa, watoto wetu wale nini?"

Wenzangu wote wakaigeukia maiti. Nilivumilia nikashindwa, nikaketi, nikaanza kujibu.

"Marehemu kaamka!" Soko zima likaangua kicheko, na wavuvi wakaenda zao.

Bibi mmoja muuza dagaa akanijia. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu nimemzika juzi kwa samaki hao hao. Wewe ukifa, kufa! Wenzako hawana midomo?"

Nililia, mwanangu, na nilistahili kulia.

Kesho yake tukaigiza tena pale pale, nikafa tena, ila maswali nikamwachia Sabina, mwenzetu mkausha samaki, mzaliwa wa Nansio. Swali lile lile likaulizwa. Akalijibu kwa Kikerewe, kwa uchungu, akiwagombeza kama kaka zake: "Watoto mnaotaka wale ndio hao hao mnaowazika!" Nikasikia watu wanaondoka. Nilijua tumeshindwa, ila safari hii sikuamka. Kumbe walikwenda majumbani! Wakarudi na chupa za dawa, wakazitua mbele ya Sabina moja baada ya nyingine. Yule bibi akapiga vigelegele. Chini ya kanga nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyenijali.

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukipewa uongozi, gawa kazi mapema, na ukishaigawa usiinyang'anye. Mwenzako akikuzidi, furahi: Sabina alinizidi mimi, na watu wakaacha kuzika watoto. Mungu akujalie wenzako hodari, na akupe moyo wa kuwapisha.