Maji ya Baba Mkwe

Tangawizi ya dawa haitaki huruma. Aliyenieleza hivyo ni mama mmoja wa Bagamoyo, huu mtaa wetu wa hapa Tukuyu, siku aliponirudishia magunia yangu yote ya msimu uliopita. Yeye hukausha tangawizi na kuisaga, na unga wake watu huununua kwa ajili ya mafua na kikohozi. Ya kwangu ilipokauka ilinywea, yakabaki maganda na nyuzi, ukali hakuna.

"Umeinywesha maji mpaka siku ya kuichimba," akaniambia. "Kwa kiungo cha mboga, sawa. Kwa dawa, majani yakianza kuwa ya njano, funga maji. Mashina yakilala chini yenyewe, hapo ndipo uchimbe."

Nilirudi Suma, kijijini kwa wakwe zangu, nimenuna. Kile kipande cha shamba baba mkwe alikuwa amenipa kwa kujaribu tu, na mume wangu alishasema wazi kwamba tangawizi ikiharibika tena, inarudi migomba. Mimi nimezaliwa Bulyaga, mjini, kwenye nyumba ya kupanga. Sijawahi kuwa na ardhi hata ya kupanda mchicha. Basi safari hii nilijiapiza kumsikiliza yule mama neno kwa neno.

Nikapanda mvua zilipoanza. Kiangazi kilipoingia nikawa naleta maji kwa mfereji unaotoka mtoni, tuta kwa tuta, mpaka majani ya chini yalipoanza kugeuka rangi. Hapo nikaziba mfereji na kuliacha shamba likauke.

Sasa, mtu asiyeijua Rungwe, wilaya yetu hii, hawezi kuelewa ilivyokuwa vigumu. Huku kila kitu ni kibichi mwaka mzima. Shamba la njano katikati ya migomba na chai linaonekana toka mbali, na watu wakitoka kanisani wanapunguza mwendo kulitazama. Mmoja alinipa pole kana kwamba nimefiwa. Nikamjibu kwamba nimeamua mwenyewe, akaniangalia kwa huruma zaidi.

Asubuhi moja nikakuta matuta ya chini yamelowa chapachapa. Nilifoka peke yangu shambani, nikawatukana mbuzi wa jirani, nikaziba mfereji upya. Kesho yake, matope tena. Siku iliyofuata niliwahi, nikasimama nyuma ya mgomba na fimbo mkononi, nimsubiri huyo mwizi wa msimu wangu.

Alikuja baba mkwe. Alikuwa na jembe begani, anakohoa kwa baridi, akafungua mfereji taratibu na kusimama akitazama maji yanavyoingia kwenye tangawizi yangu. Uso wake ulikuwa na huruma tupu. Nami, mwenye shamba, niliinama na kutambaa kwenye migomba mpaka nikafika nyumbani, nisije nikakutana naye.

Maana kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba wa mumewe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Wenzangu wa mjini wameshalegeza, wengine wanapeana mkono kabisa. Mzee wangu ni wa zamani. Akiwa na neno kwangu humwambia ng'ombe kwa sauti nikiwa karibu, nami nikiwa na jibu namwambia ng'ombe huyohuyo. Tumeishi hivyo miaka yote na tunaheshimiana sana. Ila ng'ombe utamtumaje akamwambie mzee aache kukusaidia?

Nikampigia mume wangu, aliyekuwa Mbeya kikazi. "Mzee anakuhurumia, shukuru tu," akasema, na kukata. Nikamfuata mama mkwe. Akashika kiuno. "Mwanangu, nikamwambie mume wangu kwamba wema wake unaharibu? Wewe ungeweza?"

Sikuweza. Nilikaa jikoni hasira imenikaba, na kutoka chumba cha pili nikawa namsikia mzee akikohoa. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nilichimba tunguu moja la tangawizi kwenye tuta la juu, ambako maji hayakufika, na jingine kwenye tuta la chini. Nikayaponda, nikapika chai ya kila moja kwenye sufuria yake, nikammiminia mama mkwe vikombe viwili ampelekee mzee, nikamwambia kipi ni cha tuta lipi, naye akaelewa bila maelezo zaidi. Nilibaki nyuma ya mlango.

"Hiki ni maji ya kunawia," nikamsikia mzee. Kisha akaonja cha pili, akakohoa kikohozi kizito cha kufungua kifua, akapiga chafya. "Eh! Na hiki kimetoka wapi?"

"Tuta la juu, lililo kavu," mama mkwe akajibu. "Hicho cha kwanza ni cha tuta la chini, unakomwagilia wewe."

Nikasikia jembe likitolewa ukutani. Kesho yake mfereji ulikuwa umezibwa kwa udongo na gogo la mgomba, kazi imara kuliko yangu, na tangu siku ile haukuvuja hata tone.

Nilisubiri mpaka mashina yakalala. Nilianza kuchimba juu, matuta ya chini nikayaacha yakauke kwanza, nikayachimba mwisho kabisa. Ganda lilikuwa gumu kukwangua. Nikakata vipande, nikavianika mwenyewe kwenye kichanja, nikavitia kwenye magunia, nikapanda navyo Bagamoyo. Yule mama akachukua kipande, akakivunja, kikalia ka! Akakitafuna. Machozi yakamtoka, akaniashiria kwa mkono kwamba nilete magunia ndani. Nilipumua pumzi niliyokuwa nimeibana tangu msimu uliopita.

Niliporudi jioni mzee alikuwa zizini, mgongo kanipa. Habari zilikuwa zimeshamfikia kwa simu. Nikasimama nyuma ya ua.

"Ng'ombe," akasema kwa sauti, "mwambie mwenye shamba kwamba mfereji ni wake. Akitaka atafungua, akitaka atafunga. Mimi nitakuwa nauliza."

Mwenye shamba. Sikuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Yule ng'ombe akanigeukia kana kwamba anasubiri jibu.

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie tata, baba yangu, ndaga fijo. Asante sana."

Nikapita njia ya nyuma, kama kawaida, machozi yananitoka huku nacheka.