Leta Ingine

Mpaka leo sijui kama yule ng'ombe alikuwa mgonjwa au mzima, na bado jambo hilo linanikera.

Alikuwa ng'ombe wa baba, nyumbani Ruiri, na alikuwa ametupa mimba mara mbili. Daktari wa mifugo alishuku ugonjwa ule unaowafikia watu kupitia maziwa. Akamtoa damu shingoni, akaitia kwenye kichupa, akamwagiza baba aipeleke maabara mjini Meru. Kichupa kikae wima, kisitikiswe, damu igande na maji yake yajitenge juu.

Igande? Baba alimtazama kama mtu aliyepotewa na akili. Kwetu mbuzi akichinjwa, damu hukorogwa upesi, maana ikiganda haifai tena kwa mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu. Basi njia nzima baba alikitikisa kichupa, na mimi kando yake nikaona anafanya la maana.

Kijana wa maabara alikiinua dirishani. Maji yaliyotakiwa kuwa ya manjano yalikuwa mekundu pyu.

"Mzee, damu imeharibika," akasema. "Hii siwezi pima. Leta ingine."

Baba akashukuru, tukatoka. Nje akanieleza kwa Kimeru alichosikia: damu ya ng'ombe wetu imeharibika, sasa tulete ng'ombe mwingine apimwe. Nikaitikia, kwa kuwa hata mimi nilisikia hivyo hivyo. Kesho yake mwenye bucha akaja kumnunua yule ng'ombe. Mama alikataa kutoka jikoni. Baba alifungua kamba mwenyewe, na nikamwona akijifuta macho kwa kofia. Niliumia sana.

Juma lililofuata daktari wetu alikuwa safarini, kwa hiyo mwenzake wa Githongo ndiye aliyetutolea damu ya mtamba wetu, ng'ombe mwingine tuliyekuwa naye. Yeye akakishika kichupa mwenyewe mpaka damu ikaganda.

"Hii ni ya yule ng'ombe wa juzi?" kijana wa maabara akauliza tulipoifikisha Meru.

"Yule tuliuzia bucha," baba akasema. "Si ulisema ameharibika?"

"Ai, mzee! Nilisema damu. Hiyo ya kwa chupa. Ilikuwa imetikiswa."

"Kwa hivyo alikuwa mzima?"

"Sijui."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Sijui, mzee. Hakupimwa."

Baba akanigeukia, akaniuliza kwa Kimeru kijana amesemaje. Nikamweleza. Akaniuliza tena. Nikamweleza tena, polepole, huku mimi mwenyewe nikipoteza mwelekeo.

"Nimesikia," akasema. "Lakini ni ndiyo, ama ni hapana?"