Karani Aliyengojea Saini

Karani wa chama cha wasanii hapa Butembo huandika kwa vidole viwili, akinong'ona kila neno, na hupuliza vumbi lililo juu ya kila faili ya kuomba ufadhili kabla ya kuifunga. Baada ya matanga ya mdogo wangu Éliakim, nilimwendea nikiwa na hasira: kwa nini kikundi chake cha ngoma hakikupewa kitu? Akafungua faili. Ilikosa saini ya ndugu wa kumdhamini.

"Alituambia dada yake iko mugonjwa, njo maana tulingojea," akasema polepole. "Mais, lakini umeshapona, mama?"

Sikuwa nimeugua. Nilikuwa nimekataa kusaini, nikamwambia Éliakim kwamba ngoma zake ni za shetani.

"Nimepona," nikajibu. "Mungu asifiwe."