Ugenini kwa Kontena FC, Nansha

Nilikuwa nakwenda Nansha kuwazomea watu. Nasema mapema ili msije mkaniona mwema kuliko nilivyo. Sisi Watanzania wa Xiaobei, hapa Guangzhou, tuna timu yetu ya Jumamosi, Marobota FC, na mimi ndiye mpiga kelele wake mkuu na mtunza jezi. Wapinzani wetu ni Kontena FC, Wakongo wanaopakia mizigo kwenye maghala ya Nansha, kule kusini karibu na bandari. Ligi hamna, kombe hamna, na refa ni yeyote aliyepita karibu akakosa udhuru. Lakini walipotufunga mara ya mwisho, kwa penalti ambayo mpaka leo siikubali, nilituma sauti kwenye grupu la timu zote mbili. Nikamwita nahodha wao, Dieudonné, mwizi na mchawi, na mengine ambayo hapa siyaandiki. Sasa ilikuwa zamu yetu kwenda kwao. Miaka sita niko mji huu na sijawahi kufika uwanjani kwao, na nilitaka nikalione kwa macho yangu hilo pango la wezi.

Ijumaa jioni, kwenye jengo la Tianxiu, ndipo nilipoharibu. Kipa wetu, Hamadi, ni Mpemba, umri wake hamsini kasoro, na Jumapili alikuwa anaruka kwenda nyumbani kumwozesha binti yake. Binti wa kwanza aliolewa yeye yuko huku akihangaika na biashara ya vigae, akatoa idhini kwa simu, akakaa wiki nzima hasemi na mtu. Akaapa huyu wa pili atamwozesha kwa kinywa chake, ameshikana mkono na bwana harusi. Siku hiyo alikuwa anakwenda Zhanqian kununua nguo za harusi, na kwa kuogopa vibaka akanipa bahasha yenye pasipoti yake.

"Bwana Mwinyi, niwekee," alisema. "Kule watu wanabanana, mie siwaamini."

Nikaizungushia jezi namba moja, yake mwenyewe, nikaitia katikati ya jezi nyingine, nikafunga zipu ya begi letu la jezi, shangazi kaja la bluu. Kisha nikaingia kwa wakala wangu wa mizigo kuweka alama kwenye marobota yangu ya nguo za watoto. Sasa, mfanyabiashara wa huku akishika makapeni, ile kalamu nene ya wino, mkono unakwenda wenyewe. MW-DSM, robota la kwanza. MW-DSM, la pili. Mdomo wangu uko kwenye mechi ya kesho, macho yako kwa mke wa wakala aliyekuwa akinicheka, mkono unaandika. Nikamaliza la kumi na moja nikaaga. Begi la jezi nikaliacha palepale ukutani, kama kawaida yetu, maana ndipo tunapokutana asubuhi ya mechi.

Marobota yangu yalikuwa kumi.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukuta wa wakala ulikuwa mweupe. Hapakuwa na robota, hapakuwa na begi. Mke wa wakala, ambaye sote tunamwita laoban kama tunavyomwita kila mwenye duka, alinitazama akatikisa kichwa: "Meiyou, meiyou." Hakuna. Akanionyesha picha kwenye simu yake: lori limejaa, na juu kabisa shangazi kaja letu, na ubavuni mwake maandishi yangu, mazuri, yanasomeka hata na kipofu. Kwa wakala, kitu chenye alama hakiulizwi kinakwenda wapi. Lori lilikuwa limeshafika Nansha usiku, mzigo unaingizwa kwenye kontena la kichele, la mizigo ya watu wengi, asubuhi ile, na saa nane mchana kontena linapigwa lakiri. Likishapigwa lakiri, ndiyo basi. Pasipoti ya Hamadi ingefika Dar es Salaam baada ya mwezi na zaidi, na Hamadi angebaki Guangzhou.

"Ghala gani?" nikauliza, na laoban akaniandikia. Lilikuwa ghala la kina Dieudonné. Yarabi!

Saa moja asubuhi tulipanda treni ya chini ya ardhi pale Xiaobei, tukabadilisha Chebeinan, tukashika ile ndefu ya kusini. Wenzangu, niliowaambia jezi zimetangulia, walikuwa wanataniana, wanagawana maandazi. Mimi nilikaa kimya, na Mwinyi akikaa kimya watu hudhani anaumwa. Hamadi alikaa pembeni yangu akinionyesha picha za kanzu alizonunua, moja yake, moja ya bwana harusi. Treni ilipotoka ardhini na kupanda juu ya madaraja, nje pakawa na mifereji, mabwawa ya samaki na migomba mingi. Watu wakafurahi kuona migomba. Nikaona nikinyamaza hadi Nansha nitakuwa nimemfanyia ubaya wa pili.

"Hamadi," nikamwambia, "begi la jezi limekwenda na mzigo. Nililitia alama mwenyewe. Pasipoti yako imo ndani."

Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alizima simu yenye zile kanzu, akaiweka mfukoni.

"Mwinyi," alisema taratibu, "mie nakwenda kumwozesha mwanangu."

"Najua."

"Nimemwahidi."

"Najua, Hamadi. Nisamehe."

Akageukia dirishani, na vituo vinane vikapita hajageuka. Wenzetu walipopata habari, maandazi hayakulika tena. Mmoja akasema tuite polisi, mwingine akasema ofisi ya ubalozi, lakini ilikuwa Jumamosi, na kila mtu kwenye behewa lile alijua hati mpya na kibali cha kutoka huchukua muda gani. Harusi ilikuwa Ijumaa.

Saa tatu kasorobo tulifika Nansha, tukaenda kwa teksi hadi ghalani. Mahali penyewe ni barabara pana isiyo na kivuli, malori yamejipanga, na kreni za bandari zinaonekana kwa mbali. Dieudonné alikuwa mlangoni na karatasi zake mkononi, mtu wa miraba minne, miwani imening'inia kifuani. Ndiye anayehesabu kinachoingia kwenye kontena. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu nje ya uwanja. Nikajikuta nimevua kofia.

"Papa Dieudonné, shikamoo," nikasema. Tuko rika moja, lakini siku ile ningemwamkia hata paka wa ghala.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani akanitazama vizuri.

"Ile sauti ya ku grupu," akasema, "ni weye?"

"Ni mimi."

"Mwizi, ni mimi. Mchawi, ni mimi."

"Niliropoka, papa. Ulimi hauna mfupa."

Hakucheka. Akamtazama Hamadi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu. "Na huyu njo baba ya mutoto?" Nikasema ndiye. "Harusi iko siku gani?" "Ijumaa." Akafungua karatasi zake, akashusha kidole mstari kwa mstari, akasimama. "MW-DSM, kumi na moja. Shida, begi iko laini. Vitu laini tunajazia pembe ya mwisho kabisa. Iko kule ndani, na mbele yake kuko mizigo ya bantu makumi tatu."

Nilichungulia ndani ya kontena. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, kutoka sakafuni hadi darini: marobota, katoni za vigae, majiko, viti vya saluni. Laoban wa ghala, mzee mfupi mwenye chupa ya chai, alipoelezwa alipunga mkono usoni kama anafukuza nzi. "Bu xing!" Haiwezekani. Kontena halishushwi kwa begi moja, na saa nane ni saa nane. Dieudonné akazungumza naye Kichina kirefu nisichokielewa, akijipiga kifua mara mbili tatu. Baadaye kijana wao mmoja alinitafsiria. Alikuwa amesema: lakiri ikichelewa, nifukuze kazi mimi.

Kisha akageuka akapiga mluzi. Wakatoka wanaume kumi na watatu, wengine wameshavaa soksi za mpira. Ndio Kontena FC wenyewe. Akawaambia kwa Kifaransa, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nasi tusikie: "Tunashusha. Iko mutu anaenda kuozesha binti yake."

Nilingoja waulize mechi itakuwaje. Nilingoja mmoja aseme huyu si yule mwenye mdomo? Wakapanga mstari.

Basi na sisi tukavua mashati tukaingia. Saa tatu na nusu hadi saa tano na nusu, Marobota na Kontena tulikuwa mstari mmoja, mzigo unapita mkono kwa mkono. Hapo nikaona kazi ya watu. Kila walichokishusha walikiweka sakafuni kwa mpangilio wa kurudi, alama zikitazama upande mmoja, na Dieudonné akitia vema kwenye karatasi. Sisi tunaojiita wafanyabiashara tunajua kununua tu, hatujui mzigo wetu unalalaje. Mikono yangu ilichubuka, kiuno kikalia, na sikuthubutu kuguna.

Begi lilitokea likiwa limebanwa bapa kama chapati. Hamadi alipiga magoti, akafungua zipu, akatoa jezi moja, akatoa ya pili, akatupa, akafika kwenye namba moja. Akaikunjua. Bahasha ilikuwemo. Akafungua pasipoti akatazama picha yake mwenyewe muda mrefu, kama haamini sura ile ni yake, halafu akaibusu, akasema "Alhamdulillahi," akaanza kulia. Na mimi nikalia, tena kwa sauti. Ghala zima likapiga kelele. Sijui kama nimewahi kupumua vizuri kama nilivyopumua pale.

"Kulia baadaye!" Dieudonné akafoka. "Kurudisha!"

Tukarudisha. Saa nane kasoro dakika kumi milango ya kontena ilifungwa, na mzee wa chai akapiga lakiri kwa mkono wake. Alipopita mbele yangu aliniwekea kidole kifuani, akaonyesha makapeni iliyokuwa mfukoni mwangu, akaomba nimpe. Nikampa. Akaivunja. Wakongo walicheka mpaka wakashika ukuta.

Saa nane na nusu ndipo nilipoliona pango la wezi. Ni uwanja wa nyasi bandia nyuma ya maghala, kando ya mfereji, umebanduka pembe moja na kuzibwa kwa zulia la kijani. Mabenchi ni mbao za kubebea mizigo zilizopigwa msumari. Mama mmoja wa Bukavu, anayewapikia, alikuwa ameandaa ugali na sombe, yaani kisamvu, na samaki, na akatuambia mapema kuwa nyama hakuweka kwa sababu anajua sisi tunauliza imechinjwa na nani. Pembeni walikuwa wametandaza katoni mpya, zimeelekezwa kibla. Mmoja wao alikuwa ametafuta upande kwenye simu yake tangu jana, kabla hajajua habari ya begi lolote. Tulipokuwa tunaswali, wao walinyamaza. Tulipomaliza wakashikana mikono wakaomba kwao, na sisi tukanyamaza.

Mechi ilianza saa tisa. Sijawahi kuona mechi mbovu kama ile. Hakuna aliyeweza kukimbia. Mtu akifukuza mpira hatua kumi anashika magoti. Hamadi alidaka akiwa na pasipoti ndani ya soksi, alikataa katakata kuiachia mtu yeyote, hasa mimi, na kila mpira ulipokuja upande wa mguu ule aliukwepa. Walitufunga matatu bila. La tatu alilifunga Dieudonné, kwa kichwa, akiwa amesimama tu. Nikasikia makofi karibu sana na masikio yangu. Yalikuwa yangu.

Kabla ya hapo, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimeshamfuata, nikasimama mbele ya watu wake wote nikasema nilichomwita si kweli, na kwamba ile penalti ilikuwa penalti. Hilo la pili nililisema harakaharaka. Akanipa maji ya chupa. "Kunywa, papa. Sasa unasema uongo."

Jumapili mchana tulimsindikiza Hamadi uwanja wa ndege, timu nzima. Afisa alichukua ile pasipoti iliyokunjika pembe, akaigeuzageuza, akagonga muhuri. Hamadi alipovuka mstari nilikaa chini sakafuni palepale kwa furaha.

Mnaponiuliza nilichojifunza Nansha, sina kirefu. Nilidhani namjua mtu kwa sababu namjua anavyocheza. Sikuwa namjua, na nilikuwa nimeshamtangaza kwa watu.

Ijumaa iliyofuata, saa moja jioni kwetu huku, simu yangu iliita. Nilidhani ni Hamadi kutoka Pemba. Alikuwa Dieudonné, na nyuma yake ghala linanguruma.

"Papa, binti ameolewa?"

"Ngoja, bado hawaja..." Na hapohapo ujumbe wa Hamadi ukaingia, neno moja tu. Nikamsomea: "Nimemwozesha."

Sikusikia jibu. Alikuwa ameshaweka simu chini akiwapigia kelele wenzake, na kelele iliyorudi kutoka ndani ya yale makontena ilikuwa kubwa kuliko ya magoli yao yote matatu.