Nilimfukuza Baba Mkwe Kwenye Kundi la Mtihani

Jamani, kosa ni langu. Nalisema mapema kabisa, kwa sababu najijua: nikifika katikati nitaanza kutafuta wa kumsingizia. Jina langu msiniulize. Kyela ni ndogo, na wanaonijua wameshanicheka vya kutosha pale sokoni.

Nimesoma ualimu, cheti ninacho, ajira sina. Nikaona nisikae bure hapa Bondeni nikihesabu bodaboda zinazopita. Nikafungua kundi la masomo kwenye simu, la wanafunzi wa kidato cha sita na watahiniwa binafsi. Nafundisha GS, lile somo la maarifa ya jumla, hasa yale mambo ya sasa yanayowasumbua: fedha, sarafu za mtandao, teknolojia, mila na utamaduni. Nasoma huku na huku, narekodi, natuma kwa ujumbe wa sauti. Watu wakajaa.

Na kiburi kikanipanda! Mtu akishaitwa "mwalimu" na watu asiowaona, kichwa kinavimba vibaya. Nilikuwa na jibu moja kwa kila swali nisilolijua: "Hilo halitoki!" Yaani halitoki kwenye mtihani, kwa hiyo tuendelee. Nilikuwa nalisema kwa sauti nzito ya mtangazaji wa redio.

Sarafu za mtandao nilizifundisha hivyohivyo. Nikawaambia ni fedha isiyoshikika, haina noti wala shilingi, ina thamani kwa sababu watu wamekubaliana kwamba ina thamani. Nimemaliza, najipongeza, mwanafunzi mmoja akaandika: "Mwalimu, fedha hiyo mwenyewe akifa, nani anarithi kama hakuna anayejua ufunguo wake?"

Nikajibu: "Hilo halitoki!"

Huyo mwanafunzi alijiita Mkulima. Picha yake ilikuwa tunda la kakao, na nusu ya Kyela ina picha ya kakao. Namba ngeni. Aliunganishwa na mume wangu, ambaye alikuwa ananitafutia wateja huko anakouza vipuri vya pikipiki, na mimi sikuuliza ni nani. Ada imeingia, karibu darasani.

Mkulima alikuwa na maswali, jamani! Wenzake wanataka majibu ya kukariri, yeye anataka kuelewa. Mwanafunzi wa namna hiyo anamchosha mwalimu asiyejua.

Basi tukafika mila na utamaduni. Hapa inabidi niwaeleze wasio wa huku. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawasalimiani, hawatazamani, hawakai chumba kimoja. Familia nyingi zimeshaacha. Ya mume wangu haijaacha, na Jumapili wapo kanisani kwao mstari wa mbele.

Miaka yote ya ndoa yangu, mzee akija kwetu napewa taarifa, napita mlango wa nyuma. Tukienda kwao Ndandalo, akitokea upande huu mimi naingia kwenye migomba upande ule. Ninachokijua kwa baba mkwe wangu ni kofia na kikohozi. Namba yake ya simu sikuwahi kuwa nayo. Ya nini?

Siku ya somo hilo nilikuwa nimeamka na hasira zangu, maana jana yake nilikimbilia migombani nikakanyaga mwiba. Nikarekodi kwamba mila ya kukwepana na wakwe imekufa, na kwenye mtihani waandike hivyo: imekufa.

Mkulima akaandika: "Mwalimu, samahani. Mimi naishi ndani ya mila hiyo na haijafa. Ina ubaya wake, lakini ilikuwa na sababu. Naomba tueleze pande zote mbili."

Pande zote mbili! Nikashika simu. Ninayokumbuka kuyasema ni haya: "Mkulima, ninyi ndio wale wazee mnaokaa kwenye kiti kama miungu, mtoto wa watu anatambaa migombani kwa ajili yenu! Mnaita heshima, ni uonevu! Mtihani hautaki hadithi za kijiweni. Kichwa chako kigumu, na hapa unawachelewesha wenzako."

Nikatuma. Kisha nikamtoa kwenye kundi. Wanafunzi wakaweka vicheko na makofi, mimi nikaenda kupika usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikiwa nimeridhika kabisa.

Niseme na hili, kwa kuwa naungama. Sikuwa namjibu Mkulima. Nilikuwa namjibu baba mkwe wangu, yale niliyoyaweka moyoni miaka yote bila pa kuyasemea. Nilidhani nimempata mtu wa kumtupia ambaye hayamhusu.

Siku chache baadaye mama mkwe akaja, kabeba mchele. Akakaa, akanywa maji, akaniangalia.

"Mwanangu, mzee kafunga madaftari."

"Madaftari gani, mama?"

"Ya shule. Anasoma kidato cha sita kimyakimya mwaka mzima sasa. Aliacha shule baba yake alipofariki, ikabaki inamuuma. Mtihani umekaribia, kajiandikisha, kila kitu tayari. Sasa anasema haendi. Mwalimu wake kamfukuza."

Nikawaka! "Mwalimu gani huyo asiye na adabu? Anamfukuza mtu mzima?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Si ndiye wewe?"

Ee Kyala, Mungu wangu! Nikauliza kama mzee alijua mwalimu ni mimi. Akasema alijua tangu somo la kwanza, maana sauti yangu anaijua kwenye nyimbo za kwaya tulizorekodi. Alinyamaza kwa kuwa hatuonani, akaona halina ubaya. Jioni alikuwa anawasikilizisha wazee wenzake masomo yangu, anawaambia, "Huyu ni wa kwangu."

Wa kwangu. Na ule ujumbe wa mwisho aliusikiliza pamoja na wazee hao.

Mume wangu aliporudi nilimrukia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa kumfundisha. Nikaona kwenye simu hamuonani."

"Nenda kamwombe msamaha kwa niaba yangu!"

"Mimi? Mimi nilimwambia nani ana kichwa kigumu?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Unamwombaje msamaha mtu ambaye huruhusiwi kumwona wala kusema naye? Kumpigia simu siwezi, kumfuata siwezi. Kumrudisha kwenye kundi nilijaribu, akatoka mwenyewe. Na siku za mtihani zinakuja, na mzee wa watu kakaa Ndandalo anapalilia kakao kama vile hakuwahi kushika kalamu. Nilikuwa sipati usingizi.

Mwishowe nikaenda. Mama mkwe akatupanga: mimi ndani ya jiko la nje, mzee kwenye kiti nje ya ukuta, yeye mlangoni katikati yetu. Kila mmoja anasema kwake, yeye anapeleka. Ukuta wenyewe wa mianzi na udongo, mtu akipumua anasikika upande wa pili.

"Mama, mwambie nimekosa sana. Nilisema maneno mabaya, sikujua ni yeye."

Mama mkwe akageuka: "Anasema amekosa."

Kikohozi. Kisha sauti: "Mwulize, kama ningekuwa si mimi, yangekuwa mazuri?"

Mama mkwe akanigeukia. "Anauliza—"

"Nimesikia, mama." Nikaanza kulia palepale, na moshi wa kuni ukanisaidia kusingizia.

Nikasema yasingekuwa mazuri kwa mtu yeyote. Nikasema nilikuwa na uchungu wangu wa kukimbia kila siku, nikamtupia mtu nisiyemwona. Mama mkwe alipeleka yote, ila neno "kukimbia" alilitoa. Nikamsahihisha. Akaguna, akalipeleka.

Nikasikia daftari linafunguliwa. Kisha akasema: "Mwambie amalizie somo. Sarafu za mtandao hakuzimaliza."

Jamani, ndivyo darasa lilivyoanza! Mimi jikoni nafundisha, mama mkwe anapeleka maneno, mzee nje anaandika gotini. Nilifika kila alasiri nilipoweza. Na safari hii nilisoma kweli, maana hakuna tena "halitoki" mbele ya mtu uliyemtukana. Lile swali la urithi nililitafuta mpaka nikalipata: ufunguo ukipotea, fedha ipo lakini hakuna wa kuigusa.

Mama mkwe akakataa kulipeleka. "Hilo silisemi. Fedha ipo na haipo? Atadhani nimechanganyikiwa."

"Mama, ndivyo ilivyo."

"Basi ni kama ile aliyosema kaka yangu kawekeza. Ipo, lakini tangu aiweke hajaigusa." Akageuka nje: "Mzee, ni kama ya shemeji yako!"

Mzee akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka, na nilishangaa kwamba kicheko chake ni cha mume wangu kabisa.

Ilikuja siku mama mkwe akagoma. Nilikuwa nafundisha mfumuko wa bei, ndizi zinaungua chunguni. Akatupa mwiko wa ugali. "Mimi siyo kipaza sauti! Nimezaa watoto, nimelima mpunga, sasa nianze na mfumuko! Semeni wenyewe au muache!"

Mzee naye akasema kwa sauti: "Hata mimi nimechoka kufundishwa na ukuta."

Wakaitwa wazee wa ukoo. Mimi nikabaki jikoni, nikitega sikio. Baba mdogo wa mume wangu, mtu wa sheria sana, akasema hakuna cha kujadili. Mkwe na mzee hawajakutana, simu si mtu, mila iko salama, waendelee na ukuta.

Baba mkwe akakohoa. "Mwalimu kanifundisha kwamba fedha isiyoonekana ni fedha, watu wakikubaliana. Basi na sauti isiyoonekana ni mtu, maana ilinifukuza darasani na nikaumia. Yule tulishakutana naye, tena tumegombana na tumepatana. Tumebakiza kuonana tu."

Mtu mmoja akasema, "Ndaga, asante, umetushinda," na wote wakacheka.

Ukoo ule una namna yake ya kufungua njia hiyo: mkwe analeta mbuzi, wazee wanakula, kisha anaingia ndani kusalimia. Mbuzi nililipa mimi. Cherehani niliyokuwa naiwekea akiba imegeuka mchuzi, na sinung'uniki. Kwenye kundi nako nililazimika kutuma ujumbe wa kukiri kwamba mila niliyoitangaza imekufa inaishi nyumbani kwangu, na kwamba aliyefukuzwa alikuwa na haki. Waliocheka mwanzo wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Wengine wakahama, wakasema mwalimu mwenyewe anakimbia migombani. Maneno hayo ndiyo yanayonifuata sokoni hadi leo.

Siku ya mbuzi nilivaa kitenge changu kipya. Mama mkwe akanishika mkono mpaka mlango wa sebule. Ndani wamejaa wazee, wamekaa. Mimi macho chini, nimejipanga: nitapiga magoti, nitasema shikamoo baba, nitatoka. Nikavuka kizingiti.

Nikasikia kiti kinasogea. Nikainua macho.

Baba mkwe wangu alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kofia kaivua, kama mwanafunzi mwalimu anapoingia darasani. Mzee mwembamba, ana mvi, macho ya upole kabisa. Huyo ndiye niliyekuwa namkimbia!

"Shikamoo mwalimu," akasema.

Chumba kikaangua kicheko. Baba mdogo akashika kichwa. Mimi nikaanguka magotini, shikamoo yangu nimeisahau.

Yeye hakucheka. Alibaki amesimama, anangoja. Kicheko kikaisha, bado amesimama. Wazee wakaanza kutazamana. Mama mkwe akaninong'oneza, "Mwanangu, mwanafunzi hakai mpaka mwalimu aseme."

Nimuamuru baba mkwe! Neno langu la kwanza kwake uso kwa uso liwe amri! Nilitaka ardhi inimeze. Machozi yananitoka, pua nayo, kitenge kipya ndicho kitambaa changu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nikae?"

"Kaa, baba," nikasema. "Kaa, baba yangu."

Akakaa.

Mtihani ameufanya, matokeo tunayangoja pamoja, na siku hizi akija Bondeni anapita mlango wa mbele na mimi ndiye ninayemfungulia. Lakini ule ujumbe wangu haufutiki. Wapo wazee walioukariri, na najua naye anaukumbuka, hata kama hausemi.

Nawaonya ninyi mnaoongoza makundi, mnaofundisha, mnaojibu watu kwenye simu kwa sababu hamuwaoni. Mnayemjibu ana uso! Kabla ya kumkaripia na kumtoa, subirini hasira iishe, kisha jiulizeni kama mngeyasema hayo akiwa amekaa mbele yenu. Mimi uso wa baba mkwe wangu niliuona kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele yangu kwa heshima, na nilikuwa nimeshamtukana.